Ungo wa Mama Pélagie Arakaza

Padri, ndugu waombolezaji, na ninyi jirani wa Mulongwe mlioacha kazi zenu asubuhi hii, familia imenituma mimi Mathieu, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa marehemu hakupenda maneno ya kurembwa, yatasemwa yalivyokuwa.

Pélagie Arakaza alizaliwa Luberizi tarehe 14 Machi 1973, akasoma shule ya msingi hukohuko, akapata diploma ya serikali Uvira mwaka 1993, akafundisha darasa la kwanza Sange mpaka vita vya Oktoba 1996 vilipomkimbiza, akarudi, akakimbia tena, na kila aliporudi alikuta madawati yamekuwa kuni. Tarehe 5 Agosti 2000 alifunga ndoa takatifu na Libérat Ngendakumana, mkulima wa mpunga, wakajaliwa watoto wawili, Agnès na Bella, huyu wa pili akizaliwa mwaka 2007.

Februari 2013 Bella aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio yakafa, na tarehe 9 Juni 2015, kwa msaada wa masista, alipasuliwa Nairobi akawekewa chombo cha kusikilizia nyuma ya sikio. Tulidhani kazi imekwisha, kumbe mtoto alisikia makelele tu, kama bati linalokwaruzwa, na ilibidi azoezwe kila siku kutambua maneno bila kutazama midomo. Karatasi ya mazoezi kutoka hospitali ya Nairobi ilisema pa, ba, ma, mara mia, Bella akasinzia, akalia, akakivua chombo na kukitupa chini ya kitanda, na marehemu, aliyezoea darasa la watoto sitini, akalia naye kwa hasira. Aliwaandikia wenye karatasi akiomba zoezi ambalo mtoto atalipenda, wakamtumia karatasi ileile, ila safi zaidi.

Ndipo alipomketisha Bella kwenye meza yake ya sokoni ya kuuzia samaki wadogo wa ndagala, mchele na muhogo, akaweka sheria kwamba mteja afunike kinywa kwa ungo, aseme anachotaka, na Bella akipatia, mteja aongezewe matabishi, kipimo kidogo cha bure. Mtoto alianza kucheka, akawa anadai kwenda sokoni kabla ya chai. Lakini ninyi jirani, kwa huruma yenu, mliteremsha ungo, mkaonyesha kwa kidole, mkachukua matabishi, na kazi ya wiki nzima ikaharibika. Marehemu alivumilia hadi akachoka, akasimama akawaambia, "Minye siko naomba huruma, niko naomba mufunike kinywa." Mlinuna, naye hakujali.

Septemba 2017 risasi zilipofika Uvira, familia ilikimbia bila betri, chombo kikanyamaza miezi mitano, na waliporudi Bella alikuwa anachanganya tena muhogo na mchele. Marehemu alisema vita vimemwibia mtoto mara ya pili, akatukana sana, kisha akaanza upya.

Januari 2019 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 22 Agosti, saa nne asubuhi, alifariki hospitalini hapa Uvira. Muuguzi Nicole, akiwa amevaa barakoa, alimwita Libérat pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini ili mtoto asijue. Bella alikuwa ameuelekea ukuta, akasema, "Papa, mama amekufa."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake wa Sange, na jirani wote, hata mlioteremsha ungo.

Mama Pélagie, mwanao alisikia mwenyewe. Lala sasa, upumzike.