Bi Beryl Skerrett (1938–2024) na Jumapili Zake za Mauaji

Daftari la ubatizo la kanisa hili linaonyesha kwamba Beryl Enid Toplass alibatizwa Jumapili, tarehe 6 Machi 1938, akiwa na umri wa siku ishirini na sita. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi viatu Harold Toplass na mkewe Edna, wa hapahapa Nether Cawle, Shropshire.

Alisoma shule ya kijiji, kisha sekondari ya wasichana mjini Ludlow, akamaliza mwaka 1954. Mwaka huohuo aliajiriwa katika posta yetu, na akabaki hapo hadi ilipofungwa mwaka 1993. Aliufahamu mwandiko wa kila mtu kijijini.

Aprili 1961 aliolewa na Desmond Skerrett, seremala. Hawakujaliwa watoto. Jioni ya tarehe 18 Oktoba 1974 waligombana kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Asubuhi iliyofuata Desmond alikutwa amekufa majini, chini ya ukuta wa bwawa la kinu cha kusagia nafaka. Mahakama ya uchunguzi ilisema haiwezi kujua kama alianguka, alijitupa au alisukumwa, ikaishia hapo. Kijiji hakikuishia hapo.

Hakuna aliyemwambia Beryl neno. Hapa kwetu mambo hayo hatuambiani usoni. Watu waliendelea kumsalimia na kumuuliza hali ya mawaridi yake, na kila Julai, kwenye tamasha la kanisa, walinunua jamu yake ya plamu. Hawakuila. Mwaka 1981, katika mauzo ya vitu vikuukuu ya kuchangia paa hili lililo juu yetu, alizikuta chupa zake kumi na moja mezani, hazijafunguliwa, lebo zikiwa na mwandiko wake mwenyewe. Alizifuta vumbi, akazipanga upya, akaendelea kuhudumia wateja. Julai iliyofuata alipika nyingine.

Kuanzia mwaka 1997 aliwafungulia majirani sebule yake kila Jumapili jioni, kutazama zile tamthilia za mauaji ya vijijini ambazo wengi wenu mnazipenda: mtu anakufa kwenye maonyesho ya maua, na kabla ya kulala muuaji kapatikana. Sheria ilikuwa moja. Kabla ya kikombe cha pili cha chai, kila mtu aandike jina la muuaji kwenye kikaratasi, bila kujitaja, akitie kwenye bati la biskuti.

“Nani kamwandika kasisi tena?” shangazi yangu angeuliza, akisoma vikaratasi.

“Si mimi!”

“Ni wewe, Maureen. Mwandiko wako unachechemea kama wewe mwenyewe.”

Niliwahi kumuuliza, “Shangazi, huchoki na maiti?”

“Maiti siwatazami, mwanangu. Natazama dakika kumi za mwisho. Wanakusanywa wote sebuleni, mpelelezi anaanza: wewe siye, wewe siye, wewe siye. Umewahi kuziangalia nyuso za wale wanaoambiwa siye?”

Sikuwa nimewahi.

Novemba 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho. Alikataa matibabu makali, akaomba auguzwe nyumbani. Mwezi Aprili Bwana Norris Applegarth, ambaye hakukosa Jumapili hata moja kwa miaka ishirini na sita, alikuja kumwona. Mimi nilikuwa chumbani. Alimwambia kwamba asubuhi ile ya mwaka 1974 alikuwa bwawani, akiiba samaki wa lodi, mwenye mashamba ya hapa, aliyekuwa mwajiri wake. Alimwona Desmond akija peke yake, akipanda ukutani kutoa matawi yaliyokwama, akiteleza. Bwana Applegarth alikuwa akiishi na mke na watoto wawili katika nyumba ya lodi huyo. Kusema alichokiona kungewatoa humo. Mengine atayasema mwenyewe.

Shangazi alijiinua kidogo kwenye mto.

“Miaka yote hiyo unakula biskuti zangu, Norris.”

“Ndiyo, Bi Beryl.”

“Na hukuwahi kumpata muuaji hata mara moja.”

“Hapana, Bi Beryl.” Alikuwa analia. “Nimwandikie kasisi barua? Au polisi?”

“Andika utakako. Lakini kwanza wakusanye wote. Wakae. Halafu useme mbele yao, kwa mdomo wako.”

Kama alimsamehe, hakutamka, nami sitamsemea.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tisa alasiri. Kaka yake Leonard, baba yangu, alimtangulia mwaka 2009. Ameniacha mimi, Gillian. Wanangu Rufus na Edmund. Na paka mmoja ambaye Maureen amekubali kumchukua. Mungu ampumzishe kwa amani ambayo sisi majirani zake hatukumpa.

Baada ya wimbo unaofuata, tafadhali msiondoke. Bwana Applegarth atakuja hapa mbele na kuzungumza.