Hilda Akonaay, Aliyetakasa Hata Vilivyo Vipya

Marehemu Hilda Akonaay alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kata ya Bashay, wilayani Mbulu, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Akonaay Tluway na Mama Fransiska. Mama husimulia kwamba Hilda alianza kutilia shaka vitu kabla hajajua kusoma: alinusa kila kibuyu cha maziwa kabla ya ng'ombe kukamuliwa, hata alichokiosha mama mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi Bashay, 1976 hadi 1982, kisha sekondari mjini Mbulu hadi 1986. Mwaka 1990 alihitimu uuguzi, na mwaka 1993 alikabidhiwa chumba cha kutakasia vifaa katika kliniki ya meno wilayani Hanang. Tarehe 6 Mei 1995 alifunga ndoa na Bwana Maximilian Hhando wa Masakta. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lucia na Tito.

Kazini hakuamini glavu, maji, wala taa ya mashine ya mvuke iliyodai kwamba kazi imekwisha. Zaidi ya yote, hakuamini vitu vipya. "Kimefungwa na nani? Alinawa?" aliuliza, na wenzake wakamwita Mama Wasiwasi.

Julai 2012 alifika Dkt. Godlisten, bingwa wa kupanga meno, kwa siku moja tu. Lucia, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuwa ameingoja siku hiyo miaka miwili, maana shuleni walimwita Panya kwa meno yake yaliyochomoza. Alikuwa tayari kitini mama yake alipozuia waya za meno zisifungwe kabla hazijapita kwenye mvuke. Umeme ulikuwa umekatika.

"Sista, ni mpya kabisa. Zimetoka kiwandani."

"Upya nauona, daktari. Usafi siuoni."

"Na huyu ni mwanao!"

"Ndiyo maana."

Umeme haukurudi. Daktari alichukua pakiti ya waya za Lucia, akaacha nyingine tano mezani. "Kapime mwenyewe," alisema, akaondoka, asirudi tena Hanang. Maabara ikakuta vijidudu katika pakiti mbili. Lucia, aliyekuwa hajamsemesha mama yake kwa wiki sita, alisoma majibu akayarudisha.

"Yangu hamkuipima," alisema.

Kama yake ilikuwa safi, hakuna atakayejua. Meno yake yamebaki vilevile.

Mwaka 2022 Hilda alianza kuugua figo. Lucia, sasa akiwa mwalimu huko Dirma, alirudi nyumbani kumuuguza.

"Mikono?"

"Nimenawa, mama."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

"Rudia."

Naye alirudi kwenye beseni, akinung'unika.

Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, Lucia aliingia na uji, akaweka kikombe chini na kunyoosha viganja vikaguliwe. Mama hakuvitazama. Alifungua kinywa. Alimeza vijiko vitatu, na saa nne asubuhi akafariki mikononi mwa binti yake, akiwa na miaka hamsini na sita.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja aitwaye Juliana, pamoja na mama yake mzazi na ndugu saba.

Dada yetu Hilda, hakuna tena cha kukagua. Pumzika kwa amani.