Masikio ya Kambi Yanarudi Gachoka

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2014, Bi. Marcella Ndambiri, mlezi wa watoto katika kambi yetu ya likizo hapa Mitunguu, Meru, anastaafu baada ya kuhudumu miaka ishirini na minane. Kamati ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Walimu walisema wana kazi nyingi, padri akasema ana mahubiri, ndipo kalamu ikaniangukia mimi Kaberia, dereva na mpishi wa kambi. Hawakukosea. Shule niliacha darasa la saba, lakini nimefika Kampala, Juba na Tunduma kwa lori, na mtu aliyekaa mpakani siku tatu akingoja muhuri hawezi kushindwa na karatasi moja.

Marcella alizaliwa Gachoka, kule Mbeere, ambako mvua huja kama mgeni wa harusi: imechelewa, na haikai. Alikuja kwetu mwaka wa 1986, mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Ndwiga, siku hizi fundi wa umeme Embu mjini, na ndiyo sababu wengi wetu tunamwita Marcella Mama Ndwiga. Aliajiriwa afue mashuka na kugawa uji. Mambo ya maji hayakuwa kazi yake.

Wasiotujua waambiwe kwamba kila Agosti shule zikifungwa, parokia hukusanya watoto kutoka Kiirua kwenye baridi hadi huku kwetu kwenye ndizi. Wanacheza mpira, wanaimba, wanapanda miche, na jua likikaza wanateremka mtoni kuogelea. Watoto wa Kiirua wakiona maji ya vuguvugu hupata wazimu. Kule kwao ukioga saa mbili asubuhi ni lazima uwe umetubu kwanza.

Agosti ya pili ya Marcella hapa, mtoni palikuwa na watu wazima wanne, na watoto wakipiga kelele za furaha hadi ng'ambo. Katikati ya kelele hizo, kijana mmoja wa miaka tisa, jina lake Thuranira, alizama. Hakuita mtu. Hakurusha mikono kama watu wanavyodhani. Alinyamaza tu, na hakuna aliyejua mpaka wenzake walipovaa nguo na shati moja likabaki juu ya jiwe.

Msiba ule ulifunga kambi. Wakubwa walilaumiana, wengine wakalaumu mto. Marcella hakumlaumu mtu. Alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Tulikuwa tunasikiliza kelele. Hakuna aliyekuwa anasikiliza kimya." Kisha akapanda gari akaenda kwao Gachoka. Kambi ilipofunguliwa tena alirudi na gunia begani, na gunia linalia njia nzima.

Ndani kulikuwa na kengele za mbuzi. Baba yake alizitengeneza kwa mabati ya makopo, kila moja na mlio wake, maana kwao mchungaji hahesabu mbuzi kwa macho. Msitu ni wa miiba, mbuzi haonekani, husikika tu. Kengele ikinyamaza, ama mbuzi amelala, ama chui ameshiba.

Kuanzia siku hiyo kila mtoto wa kambi alivaa kengele mguuni. Marcella aliifunga kwa kamba ya mgomba iliyokaushwa, si kwa nailoni, ili mguu ukinaswa kwenye mzizi chini ya maji kamba ikatike na mtoto atoke. Halafu yeye aliketi kwenye kigoda ukingoni, kisu mkononi, akimenya ndizi za jioni. Watu wa mikutano walipokuja kututembelea walimwona ameinamia ndizi, wakanong'onezana kwamba huyu mama halindi chochote. Mara angeinua kichwa: "Wewe wa kengele ya chai, rudi huku kwa maji mafupi!" Na kweli mtoto alikuwa amepita jiwe la mpaka. Kengele ya chai ilikuwa ile iliyolia kama kijiko ndani ya kikombe. Zote alikuwa amezipa majina.

Lakini Wameru wenzangu! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tulisema Mmbeere ametuletea boma. Siku ya wazazi, Mama Kathure wa Kiirua alifika na kofia ya kanisani, akamkuta binti yake analia ting'-ting' kama beberu. Akawaka.

"Mimi nimeleta mtoto kambini, sikuleta mbuzi sokoni!"

"Mama Kathure," Marcella akamjibu akiwa bado anamenya, "mbuzi wa baba yangu huvaa kengele na hurudi wote jioni. Wewe unataka mtoto mwenye heshima, ama mtoto aliyerudi?"

Agosti iliyofuata yule mama alileta binti na wadogo zake wawili, na kengele mpya aliyoinunua mwenyewe soko la Meru. Ilikuwa na mlio mbaya sana. Marcella aliiita Mwenyekiti.

Kazi yake haikuishia mtoni. Wakulima walipoanza kuchimba mabwawa na kuyatandika karatasi nyeusi ya plastiki, sisi tuliona maendeleo. Yeye aliona shimo. Karatasi ile ikilowa huteleza kuliko sabuni. Mtoto akiingia, hata akijua kuogelea, hana pa kushika. Mwaka mmoja, wakati wa chakula, nikiwa napakua githeri yangu ya mahindi na maharagwe (ambayo, bila kujisifu, imeliwa na askofu akaomba nyongeza), Marcella aliangusha sahani akakimbia. Kengele ya mtoto mmoja, Riungu, ilikuwa imetoka nje ya ua, ikanyamaza. Tulimkuta katika bwawa la jirani, pua tu juu, kucha zinakwaruza plastiki. Mimi nikaanza kuvua viatu niruke. Akanivuta kwa ukosi: "Ukiingia nitakuwa na wawili!" Akanyakua mpira wa kumwagilia ndizi, akaurusha, Riungu akaushika, tukamvuta kama ndoo ya kisimani. Leo Riungu ni dereva kama mimi, ingawa kona bado hazijui vizuri.

Baada ya hapo Marcella alipita shamba kwa shamba, mwenye bwawa kwa mwenye bwawa, akiwaomba wafunge kamba yenye mafundo kutoka ukingoni hadi ndani. Wengine walimfukuza na mbwa. Alirudi kesho yake na mfupa wa kumpa mbwa. Ukitembea Mitunguu ukaona kamba inaning'inia ndani ya bwawa, usiulize ni ya nini. Ni mkono wake.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Marcella hajafikisha umri wa kustaafu. Alibakisha miaka mitatu. Mwanzo wa Agosti hii, watoto wakiwa mtoni na yeye kwenye kigoda, binti mmoja aitwaye Mukiri alisimama ndani ya maji akamwita kwa ukelele, kama bibi yake: "Shosho! Ya Kirimi imenyamaza!" Tulitawanyika kama kuku. Kirimi tulimpata juu ya mpera, mzima, mashavu yamejaa mapera, na kengele ameijaza matope ili asisikike akitoroka. Tulicheka wote kwa vile mioyo ilikuwa imerudi mahali pake. Marcella hakucheka. Alirudi polepole kwenye kigoda, akaokota kisu, akakitazama. Kengele ya Kirimi ilikuwa imenyamaza muda wote, na yeye hakujua.

Jioni hiyo alituambia kwamba tangu Aprili milio myembamba ilikuwa inamtoroka mmoja mmoja, na yeye alidhani ni watoto wametulia. Daktari wa Embu alimwambia masikio yamechoka. Tulimsihi. Nilimwambia abaki na kigoda chake, mimi nikae karibu naye niwe masikio yake. Aliniangalia kwa huruma. "Kaberia, na mdomo huo, utasikia saa ngapi?"

Nimetukanwa mipaka minne ya Afrika, lakini hakuna aliyewahi kunifunga mdomo hivyo. Na alikuwa na haki.

Kamati ilitaka kufuta siku za mtoni kabisa. Marcella alikataa. Alisema mtoto asiyefundishwa maji mbele ya mtu atajifundisha peke yake nyuma ya mtu. Wiki zake za mwisho amekaa na Virginia, mwalimu kijana wa Embu asiyesema sana, na watoto wakubwa wakiongozwa na Mukiri. Wanafumba macho, kengele inalia, wanamtaja mwenyewe. Marcella huangalia midomo yao kujua kama wamepatia. Watapata kusikia kama yeye? Sijui. Nikisema ndiyo nitakuwa najisifu kwa mali ya wengine. Najua tu kwamba Agosti ijayo nitapakua githeri nikimtafuta kwa macho, na kigoda kitakuwa na mtu mwingine.

Anarudi Gachoka kwa mbuzi wa baba yake. Gunia la kengele ametuachia. Asante, Mama Ndwiga, kwa watoto uliowarudisha nyumbani bila wao kujua kwamba walikuwa wanarudishwa. Mungu akupe miaka ya kukaa kivulini, mvua isiyochelewa, na wajukuu watundu kiasi.

Tangazo moja kwa watoto: baada ya sala ya mwisho tutamsindikiza hadi langoni. Mtu asipige makofi. Vaeni kengele zenu, zote, hata ile Mwenyekiti, na mkanyage ardhi kwa nguvu zenu zote. Leo, tafadhali, mguu wa mtu usinyamaze mpaka Mama Ndwiga ageuke.