Sinki la Mama Ema Latoboliwa Upande Gani?

Upepo wa Makambako haupigi hodi, na asubuhi ile ulikuwa umeshaingia ndani ya makoti ya wazee wa Kijiwe cha Pancha, kwenye benchi la mbao mbele ya banda la mziba pancha, barabara ya kwenda Njombe. Danieli muuza kahawa alikuwa amelikumbatia jiko lake la mkaa. Wazee walikuwa watatu, benchi ni la watu wanne, na bado Odilo alikuwa amesimama, kwa sababu nafasi mbili zilikaliwa na sinki. Lilikuwa sinki jipya la graniti, jeusi, lenye bakuli kubwa upande mmoja na mifereji ya kuchuruzishia vyombo upande wa pili. Mwenyewe ni Benno, dereva mstaafu wa malori, ambaye pale kijiweni huitwa Breki. Mkewe, Hosiana, ambaye wote humwita Mama Ema, alikuwa hospitalini Ikonda wiki ya pili akimuuguza dada yake, na kesho alikuwa anarudi. Miaka ishirini na nane Hosiana ameosha vyombo uani, ameinama kwenye beseni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Benno alikuwa ameapa kwamba kesho mkewe atasimama wima jikoni, afungue bomba. Fundi Jackline alikuwa njiani kutoka Njombe kuja kulifunga, na Benno alijawa na furaha ile ya mtu aliyeficha zawadi, mpaka akawa anajichekea peke yake.

— Breki, mwondoe mgeni wako, nataka kukaa, alisema Odilo. Yeye huuza mbegu za viazi, ila kwa ubishi wake wanamwita Wakili. — Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Limefika leo, Wakili.

— Basi lianze kulima leo.

Wa tatu alikuwa Elius, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kuwabebea wapima madini vyombo vyao kule Liganga kwa miezi mitatu. Aligonga sinki kwa kidole, akatega sikio, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

— Hili si jiwe.

— Ni jiwe, alisema Benno. — Jiwe limesagwa, likachanganywa na gundi maalumu, likamiminwa kwenye umbo. Karatasi ya kwenye boksi imesema.

— Karatasi! Mimi nimelala Liganga, nimeota moto wa Liganga. Hili ni chuma cha Liganga kilichosagwa. Ona weusi wake, ona uzito wake.

— Usione vyaelea, vimeundwa, alisema Wakili.

— Hili halielei. Nimelibeba kutoka dukani, mgongo ndio shahidi.

— Ndiyo maana nasema halikuundwa, lilichimbwa! alidakia Injinia.

Injinia alikuwa hajamaliza. Alisema chuma cha Liganga kina sumaku, kwa hiyo Mama Ema akiweka vijiko humo vitanata, na kuvibandua itabidi aitwe mtu mwenye nguo za mpira. Wakabishana mpaka Danieli akatoa kijiko chake cha sukari ili haki itendeke. Injinia akakibandika ubavuni mwa sinki, akakiachia. Kijiko kikaanguka chini.

— Umeona? alisema Benno.

— Sumaku imelala, alijibu Injinia bila kupepesa macho. — Baridi hii hata wewe umelala. Subiri jua litoke.

Danieli alicheka hadi kahawa ikamwagika. Benno naye alicheka, lakini moyoni alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi, maana mwenye duka alimwambia wazi: mpaka fundi atakapoligusa unaweza kulirudisha ukachukua la rangi ya maziwa, likishatobolewa ni lako.

— Labda ningechukua lile jeupe, alisema taratibu.

— Jeupe! Wakili alishika kiuno. — Huku kwetu kwenye chai? Kwa wiki moja tu litakuwa na rangi ya majani ya chai. Jeusi ndilo. Lina siri, halisemi uchafu.

— Jeusi linaonyesha madoa meupe ya maji, alisema Benno. — Karatasi inasema likaushwe kwa kitambaa kila ukimaliza. Madoa yakishika, unafuta kwa siki iliyozimuliwa, kisha unasuuza. Stilwaya marufuku, sifongo laini tu na sabuni.

— Na ukoko wa ugali?

— Unaloweka.

— Unaloweka! Injinia alicheka kwa dharau. — Chuma kinataka grisi. Ukipaka grisi ya gari kila Jumamosi, ukoko utateleza wenyewe mpaka kwa jirani.

— Na sahani zinuke gereji?

— Wewe ulinuka gereji miaka thelathini na Mama Ema hakukutupa.

Hapo kijiwe kizima kilipasuka kwa kicheko, na hata mziba pancha alitoa kichwa bandani. Wakili akaona anapitwa. Alisogea karibu, akashusha sauti.

— Mnanichekesha. Hicho si chuma. Hayo ni makaa ya mawe ya Mchuchuma. Yamesagwa, yamegandishwa, mmeuziwa sinki. Siku Mama Ema ataweka humo sufuria iliyotoka jikoni, sinki litashika moto, na maji mtakayozimia yatatoka kwenye bomba la hilo hilo sinki. Mtazima moto kwa moto!

— Hakuna makaa humo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Danieli, lete birika hapa tupime!

Akalinyakua birika kutoka kwenye mkaa, likifuka moshi. Benno hakufikiri. Aliruka, akalilalia sinki kifudifudi, koti, kofia na vyote.

— Wakili, usithubutu! Karatasi inasema chombo cha moto moja kwa moja hapana, mpaka uweke kitu chini yake! Ni la Hosiana hili!

Aliposikia jina hilo, Wakili alilirudisha birika polepole. Wote walijua Benno anampenda mkewe, ila hawakuwa wamewahi kumwona amelala juu ya upendo wenyewe namna ile.

Fundi Jackline aliwakuta katika hali hiyo, mmoja amelala juu ya sinki, wawili wamemzunguka. Alishusha begi la vifaa.

— Shikamooni wazee. Kuna msiba?

— Marahaba, mwanangu, alisema Benno akijikung'uta, akaongeza na salamu ya Kibena. — Kamwene. Tulikuwa tunalikagua.

Jackline alilipindua sinki, akawaonyesha upande wa chini.

— Oneni hizi alama. Matundu ya bomba hayajatobolewa, yamewekwa alama pande zote mbili. Sinki hili linageuka. Nikitoboa huku, mifereji ya vyombo inakuwa kushoto. Nikitoboa kule, inakuwa kulia. Nikishatoboa haligeuki tena. Sasa, Mama Ema akishaosha sahani, anaiweka mkono gani?

— Kichanja chake cha vyombo kiko kulia, alisema Benno kwa haraka.

— Kulia kwake au kulia kwako?

— Kulia... nikiwa nimekaa kwenye kiti changu pale barazani, nikitazama uani.

— Na yeye akiosha, anakutazama au anakupa mgongo?

Benno alijaribu kukumbuka. Aliliona beseni, akakiona kichanja, akaona mikono myekundu ndani ya povu. Uso wa mkewe hakuuona, wala mgongo wake. Miaka ishirini na nane amekaa kwenye kiti kile akinywa chai, na hakumbuki. Alijisikia vibaya sana.

— Mpigie, alisema Jackline kwa upole.

Benno alibonyeza simu kwa kidole kinene, na kwa kukosea akafungua sauti ya nje, kijiwe kizima kikawa kinasikia.

— Mama Ema, usiniulize kwa nini. Ukiwa unaosha vyombo, unanitazama au unanipa mgongo?

— Baba Ema, umevunja vyombo vyangu?

— Havijavunjika.

— Umeviosha?

Injinia alikohoa. Benno alikiri kwamba wiki zote mbili amekula kwa mama ntilie.

— Nakutazama, alisema Hosiana, na kicheko kilikuwa kinamjia. — Siku zote nakutazama. Na kichanja nimekiweka mkono wangu wa kushoto, karibu na kiti chako. Nilikiweka huko makusudi tangu Ema hajazaliwa. Nilifikiri ipo siku utachoka kukaa, usimame uje kufuta.

Akacheka sana, kicheko cha mtu asiye na kinyongo, akasema dada yake anamwita, akakata. Wakili alitafuta methali, akaikosa.

— Mifereji kushoto, Benno alimwambia fundi. — Na hapo kushoto, uache nafasi. Usiweke kabati. Acha nafasi ya mtu mmoja kusimama.

— Nitapigilia na ndoano ya kitambaa cha kufutia, alisema Jackline, akitoa futi yake ya chuma. — Ndoano niipigilie kwa kimo cha nani?

Benno alisimama mbele ya wenzake wote, akavua koti katika baridi ile, akanyoosha mkono apimwe.