Mashine Iliyofukuza Dagaa

Pale Rusimbi, kwenye benchi la kahawa la Athumani, hakuna jambo linalokosa maelezo. Mwezi mzima sasa walikuwa wakijipongeza. Mashine ya karakana ya Bangwe ilipakiwa kwenye lori ikaondoka, na wao ndio waliopiga kelele mpaka mtaa ukaitisha mkutano. Pastory alikaa nao, kikombe mkononi, lakini yeye hakujipongeza. Mkewe, Winfrida, ni kibarua kwenye karakana hiyo hiyo ya Bangwe.

Karakana inageuza mawese kuwa mafuta ya kupaka. Miaka yote wanawake walichemsha mawese kwenye kimiminika kinachonuka kama petroli, na Winfrida alikohoa hadi mbavu zikamuuma. Ndipo ikaletwa kwa majaribio mashine inayotia mtetemo wa sauti ndani ya pipa, sauti nyembamba mno, sikio la mtu halisikii kitu. Vipovu vinafumuka na kupasuka humo, mawese yanageuka upesi, kwa spiriti ya miwa tu. Kifua cha Winfrida kikatulia, na Pastory naye akapata usingizi.

Halafu dagaa wakaadimika ziwani, na kijiwe kikapata mchawi wake.

— Mimi niliwaambia, — alisema Bonifasi, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. — Sauti ile ndiyo wanayotazamia mtoto tumboni kule hospitali. Sasa dagaa atajificha wapi?

— Hiyo ndogo, — akadakia Samson, aitwaye Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. — Ilikuwa inawaita wahamie ng'ambo, Kongo. Wenzetu wanakula dagaa wetu saa hizi.

Redio hakukubali kupitwa. Akadai mashine ilipasua mayai ya samaki mpaka chini kabisa ziwani, na kwamba ingebaki mwaka mmoja tu, wajawazito wa mtaa wa Gungu wangezaa viziwi.

— Pipa lilikuwa ndani ya nyumba, — Pastory alisema. — Halikugusa ziwa.

— Kaka, wewe unatetea kibarua cha shemeji, — alisema Redio.

— Natetea kifua chake. Mmemrudisha kwenye ule uvundo, na mnakunywa kahawa.

Hayo aliyasema hata mkutanoni, wakamzomea. Sasa walicheka kidogo wakaendelea.

Mama mmoja mgeni, mchuuzi wa Kasulu aliyekuja kutafuta mzigo wa dagaa, alikuwa amesimama hapo na beseni lake akinywa kahawa. Alisikiliza yote kwa utulivu.

— Kwa hiyo mashine imeshaondoka?

— Imeondoka, mama. Tuliifukuza sisi wenyewe, — alisema Redio.

— Na dagaa wamerudi?

Redio akatazama ndani ya kikombe chake. Profesa akakumbuka kufunga kamba za viatu.

— Mjibuni mama, — alisema Pastory.

Wakati huo Winfrida akatokea barabarani, anaelekea zamu yake Bangwe, kitenge kakizungusha puani. Benchi zima likamsalimia kwa adabu, habari za asubuhi shemeji. Alisimama awaitikie, kikohozi kikamwahi.