Sabuni ya Mawese Nyuma ya Maabara

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Ujiji, Bangwe, Mwandiga, na ninyi wa Kidahwe mliotega redio zenu barabara ya Kasulu, nawasalimu kwa Kiha: mwakeye. Kwa kawaida kipindi hiki huwa nakianza kwa upole. Leo upole sina. Nimetoka msibani nimekasirika, na mtanivumilia.

Tunamkumbuka Mwalimu Elinipa. Mwalimu wa kemia. Alizaliwa Usangi, Upareni, akapangiwa kazi Ujiji akiwa msichana, na juzi tumemzika Bangwe. Presha ndiyo iliyomwondoa. Shule aliyofundisha sitaitaja. Wakubwa zangu hapa redioni wamenikataza, nami nina watoto wa kulisha.

Shule ile ilikuwa na maabara. Narudia, wasikilizaji: maabara ilikuwepo. Meza zipo, mabomba yapo, chupa za kioo za wafadhili zipo ndani ya maboksi yake. Mlangoni kuna kufuli, na ufunguo anao mkuu wa shule. Vitu vikivunjika, wageni wataonyeshwa nini? Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake. Wakaguzi wakija, kufuli linafunguliwa, wanaangalia, wanasifia, wanakula samaki wao wa migebuka, wanaondoka. Kufuli linarudi. Mtoto anafika kidato cha nne, siku ya mtihani ndiyo anashika chupa ya maabara kwa mara ya kwanza. Halafu tunasema watoto wa Kigoma hawawezi sayansi. Tunathubutu kusema hivyo!

Mwalimu Elinipa aliomba ufunguo. Akanyimwa. Akaomba tena. Akanyimwa tena. Basi akawatoa wanafunzi nje, nyuma ya maabara ileile, chini ya dirisha lake, akakoka moto.

Ulikuwa mwaka tisini na sita. Mnaukumbuka. Watu wanashuka ufukweni kutoka Burundi na Zaire, hawana kitu mkononi. Watoto wao wanaharisha damu, na sabuni haipatikani. Mwalimu akawaambia wanafunzi waje na majivu ya maganda ya ndizi na mawese kidogo kutoka nyumbani. Maji wakayachuja kwenye majivu kwa kopo lenye matundu. Wakatia yai. Yai likizama, maji bado mepesi. Likielea, yamekolea, na hapo ni hatari, yanaunguza ngozi. Kwa hiyo kila mmoja alifunga mikono kwa mifuko ya nailoni. Ndiyo kemia hiyo.

Nasma alikuwa mmoja wao. Leo ni muuguzi. Ananiambia sabuni ya kwanza waliipika na mawese mekundu vilevile yalivyotoka sokoni, wakajifulia sare kwa fahari. Mashati meupe yakatoka na rangi ya maandazi! Mkuu wa shule akaliinua moja mbele ya shule nzima, akasema huu ni uharibifu. Mwalimu akajibu kwamba si uharibifu, ni jibu: mawese lazima kwanza yachemshwe mpaka yapauke. Wiki iliyofuata wakayapausha. Sabuni ikatoka nyeupe, nzuri, wakaipeleka ufukweni kwa akina mama.

Kule ufukweni wakampata Skolastika, binti wa Kirundi aliyeachia masomo njiani. Akawafuata mpaka shuleni, akawa anakaa nao pale motoni, anauliza maswali kuliko wenyeji. Mkuu alipomwona akaja juu. Akasema mkimbizi haruhusiwi darasani.

"Hapa si darasani, Mkuu," Mwalimu alimwambia. "Darasa umelifunga."

Jibu hilo lilimponza. Alinyang'anywa kemia, akapewa kipindi cha uraia. Mwalimu wa kemia, jamani! Mwaka mzima watoto wakakaa bila mwalimu wa kemia, na mwenyewe yuko chumba cha jirani anafundisha rangi za bendera. Hasira zinanipanda hata sasa ninapolisoma hili.

Lakini hakuacha. Kila Jumamosi, uani kwake Bangwe, aliwafundisha waliotaka, wenyeji na wakimbizi pamoja, kwa makopo na moto wa mkaa, mpaka alipougua. Nasma anasema yeye alishakuwa muuguzi kwenye ua ule kabla hajafika chuoni.

Sasa nije kwenye msiba. Mkuu yuleyule, siku hizi ni mstaafu mwenye heshima zake, alipewa kipaza sauti. Akalia. Akasema wamekubaliana na uongozi wa shule maabara iitwe jina la marehemu, na kibao kimeshachorwa. Watu wakapiga makofi. Nikamgeukia Nasma, nikamuuliza kama maabara siku hizi inafunguliwa. Akanijibu kwamba wiki iliyopita alichungulia dirishani. Maboksi yako palepale.

Ndipo akasimama Selina, mdogo wake marehemu, aliyesafiri kwa treni kuja kuzika. Hakupaza sauti.

"Shikamoo, Mzee. Dada yangu aliomba ufunguo, hakuomba kibao. Msiandike jina lake kwenye mlango uliofungwa."

Mzee akakirudisha kipaza sauti, akaketi.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii nampa pole Selina na ukoo mzima kule Usangi, pole Nasma, pole Skolastika popote ulipo. Mungu ampumzishe Mwalimu Elinipa. Nawe mzazi mwenye mtoto katika shule ile, unaijua kuliko mimi, naomba utafakari jambo moja tu. Kesho ukimsindikiza, usiishie getini. Zunguka mpaka nyuma, utaona ukuta una masizi chini ya dirisha. Hapo ndipo alipokuwa anafundishia. Halafu rudi mbele, ushike kufuli lile, uwaulize walimu ufunguo uko kwa nani.