Neno Ambalo Mwalimu Wavinya Hakuwaachia Wakubwa

Hili sijamwambia mtu, hata mama: karatasi ya mwakenya iliyookotwa sakafuni kwenye mtihani wa Kidato cha Tatu ilikuwa yangu. Majibu ya kuibia niliyaandika mwenyewe, kwa herufi ndogo kama chawa.

Ijumaa hii, Mwalimu Beth Wavinya anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha Kiswahili katika shule yetu hapa Kimbo. Sisi tuliomaliza mwaka jana tuliombwa kuandika machache katika jarida la sherehe ya kumuaga, na mimi, nisiyependa kusimama mbele ya watu, nikapewa kalamu.

Alitoka Ngoingwa kila asubuhi na kufika kabla ya kengele. Wengi watamkumbuka kwa neno moja: ufisadi. Alipotuagiza tuandike insha kuhusu neno hilo, darasa zima liliandika kuhusu wakubwa wa Nairobi. Alirudisha insha zote bila alama.

“Kwani nyinyi hamumo humu?” aliuliza.

Akatueleza kwamba fisadi ni mharibifu, yeyote anayeharibu kilicho cha wote ili apate chake. Anaweza kuwa na gari la bendera. Anaweza kuwa na sare ya shule. Hata Odhiambo, bawabu wetu, hakuachwa alipopokea mandazi ili awafungulie lango waliochelewa.

“Mwalimu, hii si ufisadi, ni mandazi tu!”

“Sasa Odhiambo, mbona unayala nyuma ya mlango?”

Tangu siku hiyo, Odhiambo hununua mandazi yake mwenyewe.

Karatasi yangu ilipookotwa, lawama zilimwangukia Shiko, jirani yangu wa dawati. Walimu wengine walitaka afukuzwe. Mwalimu Wavinya alikataa katakata kumhukumu bila ushahidi. Katika kitabu cha nidhamu aliandika “ufisadi”, na penye jina akaacha pengo. Shiko alibaki shuleni, lakini wenzetu waliendelea kunong'ona juu yake hadi tukamaliza. Nami nilinyamaza.

Mwalimu tunamshukuru kwa dhati. Apumzike kwa afya na furaha, na asisahihishe tena insha ya mtu.

Yeye na Shiko watapata jarida hili baada ya sherehe. Kabla ya hapo nitaomba kitabu kile na kuandika jina langu kwenye pengo, wote wawili wakiniona. Wewe unayesoma mapema, tafadhali usiwaambie. Ni mimi ninayepaswa kulisema.